"Ask" si "demand": juu ya kulomba, kuuliza na kudai

Leo sileti siasa wala bei ya kobalti. Naleta kitenzi kimoja cha Kiingereza, ile tuliyokuwa tunaita verbe ku masomo: "ask". Ni kati ya vitenzi vya kwanza kabisa ambavyo mwanafunzi anafundishwa, kwa hiyo wengi tunaona tulishakimaliza zamani. Bado. Mtu anaweza kuwa na diploma yake ya miaka mitano, anajua kutaja kwa Kiingereza kila kipande cha mashine ya kusaga mawe, lakini akifika kwenye "ask" anateleza. Na hapa Kolwezi, kuteleza pale kuna bei yake.

Tazama sentensi hii: "I demand a job in your company." Herufi zote ziko sawa, kila neno liko mahali pake. Simu yako haitaipigia mstari mwekundu. Aliyeiandika alikuwa na heshima yote: kichwani alikuwa anasema "je demande un emploi", na kwa Kiswahili chetu, "nalomba kazi". Lakini anayeisoma anaona mtu asiyemjua anagonga mlango wake kwa ngumi. "Demand" ya Kiingereza haiombi. Inasema: nipe, ni haki yangu, na usiponipa tutaonana.

Kuna barua zingine zinaongeza tena kichwa juu: "Demand letter", tafsiri ya moja kwa moja ya "lettre de demande". Sasa hapo ni hatari zaidi. Mu nchi ambako mahakama zinatumia Kiingereza, kama Zambia jirani yetu, Kenya au Afrika Kusini, "demand letter" au "letter of demand" ni jina la karatasi maalum: ile ambayo mtu au wakili wake anamwandikia mdeni kabla ya kumpeleka mahakamani. Inasema lipa kabla ya tarehe fulani, la sivyo tunafungua kesi. Fikiria basi karani wa biro ya wafanyakazi aliyesomea Kitwe. Anapokea karatasi yenye kichwa kile kutoka kwa kijana ambaye hajawahi kufanya kazi pale hata siku moja. Akiwa na moyo mzuri atacheka. Akiwa na barua mia tatu juu ya meza, hatacheka. Ataiweka pembeni.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Mimi nalaumu ile orodha ya safu tatu ambayo inapita toka mkono hadi mkono, toka daftari hadi simu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Inaandika: "ask", demander, kuuliza. Mstari unaofuata. Ndiyo hivyo tu. Orodha ile haisemi uongo, lakini inaficha mambo mawili. La kwanza, haisemi kwamba demander na "demand" zinafanana sura lakini tabia zao ni tofauti. La pili, haisemi kwamba ndani ya "ask" kuna kazi mbili ambazo Kiswahili kimezigawa tangu zamani: kuuliza, na kuomba, ama vile tunasema huku kwetu, kulomba.

Tuanze na lile la kwanza, maana historia yake ni tamu. Waingereza walikuwa na "ask" yao tangu zamani, kabla Wanormandi hawajavuka bahari mwaka 1066 na kuitawala Uingereza. Wale watawala wapya walileta Kifaransa chao, na kwa muda mrefu Kifaransa kile njo kilikuwa lugha ya sheria kule. Kwa hiyo "demand" iliingia Uingereza na harufu ya mahakama: mtu anasimama mbele ya hakimu na kutaka kile anachosema ni chake. Kule Ufaransa neno lilibaki la kila siku, la kuomba chumvi mezani. Uingereza neno la chumvi mezani lilikuwa tayari "ask", basi mgeni akabaki na kazi nzito. Kwa hiyo sura zinafanana kwa sababu ni ndugu wa damu, lakini kila mmoja alilelewa nyumba tofauti.

Na Kiswahili kina neno lililofuata njia ileile: kudai. Lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na ndugu zake bado wanaonekana katika maneno ya sheria: daawa ni kesi, mdai ni anayefungua kesi, mdaiwa ni anayeshtakiwa ama mwenye deni. Mtu wa Dar es Salaam akikuambia "nakudai", anasema una deni lake. Ona basi: neno la Kiingereza lilitoka kwa Mfaransa, la Kiswahili lilitoka kwa Mwarabu, na yote mawili yana mahakama na deni ndani yake. Kwa hiyo "demand" tayari tuna mwenzake. Anayetaka kujua lini aseme "demand" asiulize Kifaransa. Aulize Kiswahili: hapa ningesema kudai? Kama jibu ni hapana, "demand" iache.

Kuna "demand" moja tu ambayo haina hasira: ile ya biashara. "Demand for cobalt" ni kiasi cha kobalti ambacho wanunuzi wanataka na wako tayari kulipia. Februari 2025, serikali yetu iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu mali ilikuwa nyingi na bei imeanguka, neno lile lilikuwa mu kila habari ya Kiingereza. Pale ni jina, si kitenzi, na halimlazimishi mtu. Tusilichanganye na la barua.

Sasa lile la pili, kuuliza na kulomba. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kifaransa, lakini ni wachache wanakitumia. Kifaransa kinasema demander à quelqu'un, kwa hiyo wengi wetu tunaandika "I asked to him". Kosa. Kiswahili kinasema "nilimuuliza", "nilimwomba": mtu anaingia ndani ya kitenzi chenyewe, hakuna daraja katikati. Kiingereza ni vilevile: "I asked him". Ukifikiri kwa Kiswahili, sentensi inatoka sawa bila shida.

Halafu kuna neno dogo "for", ambalo njo linatenganisha kazi zile mbili. "I asked the manager" ni nilimuuliza meneja. "I asked for the manager" ni niliomba nimwone meneja. Neno moja la herufi tatu, na maana imehama kabisa. "Ask the price" ni kuuliza bei. "Ask for money" ni kuomba franga. "Ask her name", kuuliza jina lake. "Ask for water", kulomba maji. Kanuni ni hii: ukitaka jibu, usiweke "for", ukitaka kitu, weka "for". Kuna vichache vinavyokataa kanuni, nao uwashike kwa kichwa: "ask permission", kuomba ruhusa, na "ask a favour", kuomba msaada mdogo, vinakwenda bila "for". Na "ask after someone" tunayo tayari katika mkia wa kitenzi chetu: kuulizia, yaani kuuliza hali ya mtu asiyekuwepo.

Angalia pia "to". "I asked him to come" ni nilimwomba aje. "I asked to come" ni niliomba nije mimi mwenyewe. Kiswahili kinabadilisha mwanzo wa kitenzi, aje, nije. Kiingereza kinaweka mtu ama kinamwondoa. Usiandike "I asked him that he comes". Hiyo ni Kifaransa kilichovaa koti ya Kiingereza.

Kwa barua ya kazi, kitenzi chake hata si "ask". Ni "apply": "I am writing to apply for the position of..." Wengi wanakiogopa kwa sababu kinafanana na appliquer, wanafikiri ni kupaka rangi ukutani. Msikiogope. Kuomba kazi ni "apply for a job", na barua yake ni "application letter". Na kama unataka kuwa rasmi kuliko "ask", tumia "request", lakini kumbuka kwamba kitenzi "request" hakichukui "for". "I request an interview" ni sawa. "My request for an interview" ni sawa, kwa sababu pale ni jina. "I request for an interview", ambayo hata majirani wengi wa Afrika Mashariki wanaiandika, haikubaliki mu Kiingereza cha kazi.

Kama ingeishia hapo, hii ingekuwa somo la sarufi tu. Lakini shida yenyewe iko upande mwingine, na huko njo nataka tusumbuke kidogo. Sisi tunaandika "demand" mahali ambapo hatuna deni. Halafu mahali ambapo deni lipo, tunalomba.

Chukua kijana ambaye mkataba wake na kampuni ndogo ya usaidizi umeisha, na mishahara ya miezi miwili haijalipwa. Anaandika: "I humbly beg you to help me with my salary." Kwa Kiswahili alisema, "Nalomba munisaidie na mushahara wangu." Lakini mshahara wa kazi iliyofanyika si msaada. Ni deni. "Beg" ni kitenzi cha mtu anayenyoosha mkono barabarani. Anayekisoma anaweza kutoa, anaweza kupita. Na mara neno "help" limeingia, deni limegeuka zawadi, na zawadi haina tarehe ya mwisho.

Je, aandike "I demand my salary"? Anaweza, kisheria hakosei, maana hapa njo mahali pake. Lakini mjuzi wa Kiingereza haanzi na kitenzi kile. Anaanza polepole na kuweka nguvu mahali pengine: "I request payment of my wages for March and April, which are still due." Kitenzi ni cha adabu. Nguvu iko ndani ya "due", yaani hela hii ingekuwa imeshalipwa. Maneno ya namna hii ni matatu ama manne, yafundishwe pamoja na "ask" toka mwaka wa kwanza: "due", muda wake wa kulipwa umefika, "owed", ni deni, "entitled to", nina haki ya, "claim", ninadai kilicho changu. "Demand" ibaki kwa barua ya mwisho, ile ya kabla ya mukaguzi wa kazi ama tribinali. Vilevile karatasi inayoonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani: kwetu, sheria ya kazi ya 2002 inaifanya kuwa wajibu wa mwajiri mkataba ukiisha. Hapo si "please help me with a certificate".

Sasa tutoke kwa mtu mmoja, twende kwa kijiji kizima. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inataka kila kampuni yenye leseni ya kuchimba iweke sahihi kwenye cahier des charges na watu wanaoguswa na kazi yake: orodha ya ahadi, barabara, shule, maji, na wakati wake. Inataka pia kampuni itoe si chini ya 0.3% ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Na katika ushuru wa madini unaoitwa redevance, 15% inakwenda kwa mamlaka ya chini kabisa ambako shimo liko: shefferie, sekta au komine. Hizo si hisani. Zimeandikwa.

Fikiria basi mkutano wa kampuni na kijiji kimoja kando ya barabara ya Kolwezi. Mzee anasimama, anasema kwa adabu ya umri wake: "Tunalomba kampuni ituangalilie maneno ya shule." Mkalimani, ambaye mara nyingi ni mmoja wetu, muhitimu mwenye Kiingereza kidogo, anasema: "They are asking the company to help with a school." Mzungumzaji wa ng'ambo ya meza anaandika, na katika ripoti inabaki hivi: kijiji kiliomba msaada wa shule. Shule ikijengwa, itaandikwa kuwa ukarimu. Isipojengwa, hakuna aliyevunja neno lake, maana ombi linaweza kukataliwa. Lakini kama shule ile ilikuwa ndani ya cahier des charges yenye sahihi, mzee hakuwa analomba. Alikuwa anakumbusha deni kwa lugha ya heshima. Mkalimani mwema angesema: "He is asking about the school that the company has agreed to build." Bado ni "ask", lakini sasa ni kuuliza, si kuomba, na deni limesimama wazi mbele ya wote. Hakuna aliyetukanwa.

Najua kuna wakubwa watasema: kwetu kulomba ni heshima, mtu hapotezi haki yake kwa sababu alisema "nalomba". Ni kweli kabisa. Mbele ya shefu, hata mwenye haki analomba, na kila mtu aliyekaa pale anajua deni liko wapi. Kiswahili cha uso kwa uso kinaweza kufanya hivyo kwa sababu wasikilizaji wanaijua habari yote. Lakini karatasi ya Kiingereza haikai pale. Inasafiri. Wenye hisa wa machimbo yanayotuzunguka wana makao yao Baar kule Uswisi, Vancouver kule Kanada, Luoyang kule China. Anayeisoma huko hajui mzee, hajui shimo, hajui ahadi. Anajua kitenzi tu. Heshima ya mzee ilibaki kijijini. Kilichofika ni "asking for help".

Wengine watasema: eh, Mchina na Mkongomani wote wanasema Kiingereza cha kujifunza, nani atasikia tofauti? Mimi naona ni kinyume. Mtu aliyekulia mu lugha anaweza kukusamehe, anasikia ulichotaka kusema. Mtu aliyejifunza kama wewe anafungua kamusi, na kamusi haisamehe. Itamwambia "demand" ni kulazimisha, na "beg" ni kuombaomba. Ataamini kamusi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofundisha Kiingereza pa Kolwezi, Fungurume na Likasi ni hili: "ask" isifundishwe tena katika mstari mmoja. Ifundishwe na ndugu zake, "apply", "request", "claim", "demand", na kila moja iwekwe karibu na kitenzi cha Kiswahili kinachofanana nayo kwa tabia, si cha Kifaransa kinachofanana nayo kwa sura. Mwanafunzi apewe hali kumi, za soko, za biro, za shimo, na kabla ya kuandika neno lolote ajibu swali moja kwa Kiswahili: hapa kuna deni ama hakuna? Hakuna deni: "ask for", "apply for", "request", na adabu yote. Kuna deni: adabu ibaki, lakini neno "due" ama "owed" lisikosekane, na "help" lisiingie.

Sisi wenye diploma tunaalikwa kutafsiri kwa sababu wazee wetu hawana Kiingereza. Wanasema sentensi moja, sisi tunachagua kitenzi. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani ruhusa ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, na inataka mamlaka ile ijibu ndani ya miezi mitatu. Hata kuomba, basi, kunaweza kuwa na haki nyuma yake. Mkalimani asiyejua kutenganisha hayo anaweza kurudisha kwa kampuni kile ambacho sheria ilishakipa kijiji, na hakuna mtu mkutanoni atakayejua kwamba kimerudishwa.

Wikendi hii, mwenye barua ya kazi kwenye simu yake aifungue na kutafuta "demand". Na mwenye barua ya madeni atafute "beg".